Voleboli Marekani: Louisville ao Penn State, kombe litainuliwa na kocha mwanamke kwa mara ya kwanza

Siku ya Mungu hii, tarehe 22 Desemba 2024, wasichana wa chuo kikuu cha Louisville na wale wa chuo kikuu cha Penn State watakutana katika finali ya shampiona ya voleboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Ekipe moja itarudi na kombe, nyingine itarudi na machozi. Lakini kuna jambo moja limekwisha kujulikana hata kabla ya mpira wa kwanza kupigwa: kocha wa ekipe itakayoshinda atakuwa mwanamke.

Jambo hilo halijatokea hata mara moja. Shampiona hii ya wasichana, yenye kusimamiwa na shirika NCAA, ilianza mwaka wa 1981. Imekwisha kuchezwa mara 43, na mara zote 43 ekipe bingwa ilikuwa mikononi mwa kocha mwanaume. Wasichana ndio wanaocheza na wasichana ndio wanaotoka jasho, lakini kwenye orodha ya makocha mabingwa hakuna jina hata moja la mwanamke. Safari hii, Dani Busboom Kelly wa Louisville na Katie Schumacher-Cawley wa Penn State ndio watakaosimama mbele ya mabenchi mawili. Mmoja wao atakuwa wa kwanza.

Mchezo utaanza saa tisa za mchana kwa saa za Louisville, maana yake saa ine za usiku (22:00) kwa saa za Goma, Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Utachezwa ndani ya KFC Yum! Center, uwanja mkubwa wenye paa ulio katikati ya mji wa Louisville, kando ya mto Ohio, wenye viti karibu 22,000. Siku ya ine iliyopita, kwenye michezo ya nusu-finali, watu zaidi ya 21,000 waliingia humo.

Mji ambamo Kiswahili kinasikika

Kwa familia nyingi za mashariki mwa Congo, Louisville si jina geni. Mji huo ndio mkubwa kuliko yote katika jimbo la Kentucky, na kwa miaka zaidi ya kumi jimbo hilo limekuwa kati ya yale ya Marekani yenye kupokea wakimbizi wengi kutoka Congo. Wengi wao ni watu wa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, wenye walipitia kwanza kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda ao Uganda kabla ya kupata ndege ya kwenda Amerika. Leo Kiswahili kinasikika katika makanisa ya mji huo, katika maduka na katika masomo ya serikali, ambako ni moja ya lugha zinazosemwa sana na watoto wa wahamiaji.

Watu wa nje wanaujua mji huo hasa kwa sababu ya mambo mawili: mbio za farasi za Kentucky Derby, na jina la Muhammad Ali, mwanamasumbwi aliyezaliwa hapo na aliyekuja kupigana na George Foreman mjini Kinshasa mwaka wa 1974. Katika siku hizi za Desemba, mazungumzo ya wakaaji ni ya wavu, seti na pointi. Ekipe yao inacheza finali nyumbani kwake, na hilo ni bahati isiyopatikana kila mara, kwani mji wa kupokea finali huchaguliwa miaka mingi mbele, wakati ambapo hakuna anayejua ni nani atafika.

Njia ndefu tangu mwezi wa munane

Ili kuelewa uzito wa mchezo huu, inafaa kujua namna shampiona yenyewe inavyokwenda. Msimu wa voleboli ya wasichana wa vyuo vikuu unaanza mwishoni mwa Agosti, wakati masomo yanapofunguliwa. Kila ekipe inacheza kwanza ndani ya ligi yake. Penn State iko katika ligi inayoitwa Big Ten, Louisville iko katika ile ya ACC. Mwishoni mwa Novemba, ekipe 64 zinachaguliwa katika inchi nzima. Kuanzia hapo, mwenye kupoteza mchezo mmoja anarudi nyumbani. Ili kubeba kombe, inaomba kushinda michezo sita kwa kufuatana.

Sheria za mchezo ni zile zile zinazojulikana kwenye viwanja vya lise na vya parokia za Bukavu ao Butembo: wachezaji sita kila upande, ekipe inagusa mpira mara tatu tu kabla ya kuurudisha, na seti inashindwa kwa pointi 25. Mwenye kufikisha seti tatu ndiye mshindi. Zikifungana mbili kwa mbili, inachezwa seti ya tano, fupi, ya pointi 15. Na hakuna seti inayoisha kama tofauti haijafika pointi mbili. Ndiyo maana seti moja inaweza kuvuka 30 na kuwatoa watu roho.

Mwaka huu wasimamizi waliziweka ekipe ine juu ya orodha: Pittsburgh, Nebraska, Penn State na Louisville. Zote ine zilifika kwenye nusu-finali. Hakuna aliyeteleza njiani. Kwa hiyo mwenye kushinda siku ya Mungu hataweza kuambiwa kwamba alipata njia rahisi.

Penn State: kutoka kaburini hadi finali

Penn State imefika Louisville ikiwa imeshinda michezo 34 na kupoteza miwili tu. Iligawana ubingwa wa ligi ya Big Ten na Nebraska, na ni Nebraska hiyo hiyo waliyokutana nayo siku ya ine kwenye nusu-finali.

Mchezo huo utasimuliwa kwa miaka mingi. Nebraska walichukua seti ya kwanza 25 kwa 23, kisha ya pili 25 kwa 18. Penn State wakapata ya tatu 25 kwa 23, lakini katika ya ine mambo yakaharibika tena: Nebraska walikuwa mbele 22 kwa 16. Pointi tatu tu, na safari ingekuwa imeisha. Watu wengi uwanjani walikuwa wamekwisha kuhesabu Nebraska kuwa kwenye finali. Wasichana wa Penn State wakarudi pointi kwa pointi. Mara mbili Nebraska walikuwa na mpira wa kumaliza mchezo, mara mbili wakanyimwa. Seti hiyo iliisha 28 kwa 26 upande wa Penn State, kisha wakachukua ya tano 15 kwa 13.

Jina la kuangalia upande huo ni Jess Mruzik, mpigaji wa pembeni, ambaye ekipe inamtafuta kila mara mambo yanapokuwa magumu. Hakuanzia Penn State: alitoka chuo kikuu cha Michigan na kuhamia hapo mwaka wa 2023. Mwenzake Camryn Hannah alitoka Clemson. Caroline Jurevicius na Maggie Mendelson wote wawili walivaa kwanza jezi ya Nebraska, ile ile waliyoitoa kwenye nusu-finali. Kwa miaka ya karibuni, sheria za NCAA zinaruhusu mwanafunzi mchezaji kubadilisha chuo bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja, na ekipe kubwa zinajengwa kwa sehemu kwa njia hiyo.

Lakini mwenye kuongoza mchezo wote ni msichana wa mwaka wa kwanza, Izzy Starck. Ndiye anayegusa mpira wa pili, ndiye anayeamua nani atapiga. Katika voleboli kazi hiyo inaomba uzoefu, kwa sababu inaomba kuona ukuta wa wapinzani na kuchagua kwa muda mfupi kuliko kufumba macho. Kuikabidhi kwa mtoto aliyetoka tu sekondari, katika ekipe yenye kutaka ubingwa, ilikuwa ni kumwamini sana. Mpaka sasa hajawaangusha.

Kocha aliyefundisha huku akitibiwa

Anayemwamini ni Katie Schumacher-Cawley. Huyu mama wa wasichana watatu ni mzaliwa wa Chicago, na Penn State ni nyumba yake ya zamani: alikuwa mchezaji katika ekipe ya mwaka wa 1999 iliyokipa chuo hicho ubingwa wa kwanza kabisa. Alifundisha mahali pengine, akarudi kuwa msaidizi, na mwaka wa 2022 akapewa ekipe yote.

Urithi huo haukuwa mwepesi. Kabla yake kulikuwa Russ Rose, kocha aliyekaa kwenye kiti hicho tangu 1979 hadi 2021, aliyeshinda michezo 1,330 na kubeba makombe saba: 1999, 2007, 2008, 2009, 2010, 2013 na 2014. Katika miaka ile ya katikati, Penn State ilifika kushinda michezo 109 kwa kufuatana bila kupoteza hata mmoja. Tangu 2014, kabati la makombe halikufunguliwa tena. Miaka kumi ni mingi kwa watu waliozoea kushinda.

Mwezi wa tisa mwaka huu, msimu ukiwa ndio unaanza, madaktari walimwambia Schumacher-Cawley kwamba ana kansere ya matiti, iliyokuwa imefika hatua ya pili. Mwezi uliofuata alitangaza habari hiyo mbele ya watu wote. Alianza matibabu ya dawa kali za kansere, zile zinazomaliza mwili nguvu na kutoa nywele, na akaendelea kuja uwanjani. Wachezaji wake walimwona akifundisha mazoezi, akisafiri na ekipe, akiomba muda wa mapumziko katikati ya seti ngumu ili kuwatuliza, huku wakijua anatoka wapi na atarudi wapi baada ya mchezo.

Ugonjwa huu si wa Marekani peke yake. Kansere ya matiti ndiyo inayoshika wanawake wengi zaidi duniani kati ya kansere zote, na inapogunduliwa mapema nafasi ya kupona inakuwa kubwa. Shida ni kwamba katika inchi nyingi za Afrika, Congo ikiwemo, wamama wengi wanafika hospitali kwa kuchelewa, kwa kukosa vipimo, kwa kukosa feza ao kwa haya. Kwa sababu hiyo, kumwona mwanamke anayejulikana akisema ugonjwa wake waziwazi, na akiendelea na kazi yake mbele ya televisheni, kuna faida inayopita mchezo.

Lakini wachezaji wa Penn State hawakushinda michezo 34 kwa sababu watu waliwaonea huruma. Walishinda kwa sababu wanapokea mpira vizuri, wanapiga kwa nguvu na hawakati tamaa wakiwa nyuma. Nebraska inaweza kulishuhudia hilo.

Louisville: deni la mwaka wa 2022

Upande wa pili, Louisville imeshinda michezo 30 na kupoteza mitano. Ukiangalia hesabu hiyo peke yake, utasema Penn State ndio wenye nguvu. Lakini hesabu haisemi kila kitu. Siku ya ine, Louisville waliiondoa Pittsburgh, ekipe iliyowekwa ya kwanza katika inchi nzima, iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja tu tangu Agosti, na yenye Olivia Babcock, msichana aliyetangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka. Louisville walipoteza seti ya kwanza, kisha wakachukua tatu kwa kufuatana.

Chuo hiki hakina historia ndefu kama ya Penn State. Hakijawahi kubeba kombe hili. Mwaka wa 2021 kilifika nusu-finali bila kupoteza mchezo hata mmoja msimu mzima, kikaangushwa hapo na Wisconsin. Mwaka uliofuata, 2022, kilifika kwenye finali, kikiwa cha kwanza cha ligi ya ACC kufanya hivyo, na Texas ikakipiga seti tatu kwa sufuri. Mashabiki wa Louisville wanalibeba deni hilo mpaka leo.

Kocha wao, Dani Busboom Kelly, analibeba zaidi. Alizaliwa na kukulia Nebraska, jimbo ambako voleboli ya wasichana ni kama dini. Alicheza katika ekipe ya chuo kikuu cha jimbo hilo, akaanza kama mgawaji wa mipira, kisha akabadilishwa kuwa libero, yule mchezaji wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti na ambaye kazi yake ni kuokoa mipira. Akiwa libero alishinda ubingwa wa 2006. Mwaka wa 2015 alikuwa msaidizi wa kocha Nebraska ilipobeba kombe tena. Louisville walimchukua kuwa kocha mkuu mwaka wa 2017.

Kwa hiyo makocha hawa wawili wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja amewahi kubeba kombe hili akiwa msichana uwanjani, Schumacher-Cawley mwaka wa 1999, Busboom Kelly mwaka wa 2006. Sasa kila mmoja analitafuta akiwa mwalimu.

Kifundo cha mguu cha Anna DeBeer

Furaha ya Louisville ya siku ya ine ilikuja na hofu. Karibu na mwisho wa mchezo na Pittsburgh, Anna DeBeer aliumia kifundo cha mguu. DeBeer si mchezaji wa kawaida kwa ekipe hii. Ni mtoto wa Louisville, alisomea sekondari humo humo mjini, na yuko katika mwaka wake wa mwisho. Alikuwepo kwenye huzuni ya 2021 na kwenye ile ya 2022. Finali ya nyumbani, mbele ya watu waliomwona akikua, ndiyo aliyoingoja miaka yote hiyo.

Tangu usiku ule, mguu wake ndio habari kubwa ya mji. Bila yeye, Louisville wanapoteza mpigaji wao wa kutegemewa, na pia sauti inayowapanga wengine uwanjani. Mzigo utahamia kwa Charitie Luper, aliyetoka UCLA na mwenye kuruka juu sana, na kwa Sofia Maldonado Diaz, msichana wa Mexico. Katikati, Phekran Kong na Cara Cresse watakuwa na kazi ya kujenga ukuta mbele ya Mruzik. Na nyuma yao, Elena Scott, libero ambaye naye ni mzaliwa wa mji huo, itamlazimu kuokoa mipira ambayo ukuta hautaizuia.

Hapo ndipo mchezo unaweza kuamuliwa. Penn State wanapata pointi nyingi kwa pembeni, na Starck anapopokea mpira mzuri anaweza kumpeleka mpinzani kulia na kushoto anavyotaka. Dawa ya hilo ni kuanza na huduma: kupiga mpira wa kwanza kwa nguvu ao kwa ujanja, ili mapokezi ya Penn State yaharibike, na mgawaji alazimike kukimbia nyuma na kurusha mpira mrefu unaosomeka na kila mtu. Louisville wakifanikiwa hapo, watu 21,000 watafanya sehemu iliyobaki. Wakishindwa, Mruzik atakuwa na usiku mzuri.

Kwa nini iliomba miaka 43?

Swali linalobaki ni hili: kwa nini ilichukua muda mrefu namna hiyo kwa mwanamke kukaribia kombe ambalo ni la wanawake?

Jibu linaanzia mwaka wa 1972. Tarehe 23 Juni mwaka huo, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria inayojulikana kwa jina la Title IX, iliyokataza masomo na vyuo vinavyopata feza za serikali kuwabagua watu kwa sababu ya jinsia. Kabla ya sheria hiyo, wasichana waliocheza katika vyuo walikuwa wachache, na feza zao zilikuwa kidogo sana. Lakini makocha wao, zaidi ya 9 kati ya 10, walikuwa wanawake. Mara nyingi ni walimu wa michezo waliofanya kazi hiyo kwa malipo madogo, ao bila malipo.

Sheria ilileta ekipe nyingi, viwanja na malipo ya masomo kwa wasichana. Ilileta pia mishahara kwa makocha. Na mshahara ulipokuja, wanaume nao wakaitaka kazi. Wakati huo huo, idara za michezo za wasichana ziliunganishwa na zile za wavulana, na mara nyingi mkubwa wa idara mpya alikuwa mwanaume, aliyewaajiri watu aliowajua. Shirika AIAW, ambalo wanawake wenyewe ndio waliliongoza na ambalo ndilo lilisimamia mashindano ya wasichana, lilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, NCAA ilipochukua mashindano hayo. Leo, katika michezo yote ya wasichana wa vyuo vikuu, makocha wanawake ni kidogo zaidi ya 4 kati ya 10.

Ndiyo maana sheria iliyowafungulia wasichana mlango wa kucheza iliwafungia wamama wengi mlango wa kufundisha. Hakuna aliyeipanga hivyo, lakini ndivyo ilivyotokea. Na mwenye kutokufundisha ekipe kubwa hawezi kushinda kombe kubwa. Mary Wise, aliyeanza kuwa kocha wa Florida mwaka wa 1991, alifika kwenye finali mara mbili, mwaka wa 2003 na 2017, akapoteza zote mbili. Busboom Kelly alifika mwaka wa 2022, naye akapoteza. Kila mara, upande wa pili wa wavu kulikuwa kocha mwanaume. Safari hii hayupo.

Mchezo unaokua

Finali hii inakuja wakati voleboli ya wasichana inapanda haraka katika Marekani. Tarehe 30 Agosti 2023, watu 92,003 walijaa katika uwanja wa mpira wa kimarekani wa Lincoln kuangalia ekipe ya Nebraska ikicheza. Finali ya mwaka uliopita, Texas na Nebraska, ilikuwa ya kwanza kuonyeshwa na ABC, moja ya televisheni kubwa za inchi hiyo, na watu karibu milioni 1.7 waliifuata. Ya mwaka huu pia itaonyeshwa humo.

Kwa wachezaji wenyewe, hilo linabadilisha maisha. Chuo kikuu kinaweza kuwalipia masomo, chakula na malazi, kwani mwaka wa 2024 kila ekipe ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa nafasi 12 za namna hiyo. Lakini zamani, msichana alipomaliza chuo na kutaka kuendelea kucheza kwa malipo, ilimlazimu kufunga mizigo kwenda Italia, Uturuki ao mbali zaidi. Januari 2024 ligi ya kulipwa, Pro Volleyball Federation, ilianza ndani ya Marekani. Nyingine, League One Volleyball, itaanza Januari 2025. Mruzik na DeBeer wanamaliza chuo wakati ambapo kazi inapatikana karibu na nyumbani.

Mashariki mwa Congo, mchezo huu unaishi kwa njia nyingine. Katika lise za masista, katika viwanja vya taasisi za juu na kwenye vitongoji, wasichana wanacheza kwa wavu ulioshonwa mara tatu na mpira unaopita mikononi mwa darasa zima. Mara nyingi anayewafundisha ni mwalimu mwanaume, kwa sababu msichana aliyejua kucheza aliacha alipoolewa ao alipomaliza masomo, na hakuna aliyemwomba arudi kufundisha wadogo zake. Swali la Louisville na Penn State si la Marekani tu. Ekipe ya wasichana ikikosa hata mama mmoja kwenye benchi, wasichana wanajifunza pia kwamba mahali pao panaishia kwenye mstari wa uwanja.

Siku ya Mungu, hilo litakuwa limejibiwa kwa upande mmoja. Kitakachobaki ni mchezo. Penn State wanatafuta kombe la nane na la kwanza tangu 2014. Louisville wanatafuta la kwanza kabisa, nyumbani kwao, pengine bila mchezaji wao mkubwa. Seti tatu zinaweza kumalizika kwa saa moja na nusu. Seti tano zinaweza kuvuka masaa mawili na nusu, na kuwaacha mashabiki wa Goma na Bukavu macho mpaka kati ya usiku. Siku ya kwanza asubuhi, mmoja wa makocha hawa atakuwa bingwa. Schumacher-Cawley, awe ameshinda ao ameshindwa, atarudi kwa madaktari wake kuendelea na matibabu.